Biasha, Bi Kungwi Aligoma

Shoga yangu Biasha,

Salamu wanayopewa walio makaburini nilikupa Ijumaa iliyopita kule Kanga, nikiwa nimesimama nje ya uzio, mtandio mdomoni. Leo nakupa ile ya dukani uliyoizoea: umeamkaje, na nani kakuruhusu kukalia kiti changu?

Kiti chenyewe ni chako, na tangu uondoke hakuna mteja aliyekikalia. Sikumkataza mtu. Wateja wenyewe walikikwepa. Wakiingia watatu, wawili walibanana kwenye benchi na wa tatu alisimama akijitia kusoma matangazo ya ukutani. Mimi mwanzoni niliweka karatasi za kudurufia juu yake, halafu nikaziondoa, halafu nikaziweka tena. Ndivyo nilivyokuwa naishi hapa steshenari baada ya wewe kuondoka.

Mengine yaliyobadilika ni madogo madogo. Mashine ya kudurufu imerudia tabia yake ya kutafuna karatasi, na ule mkono wako wa kuipiga kofi ubavuni haupo. Mimi nikiipiga hainiogopi. Zaituni, muuza mihogo wa mbele yetu, bado ananifungia vipande viwili kwenye gazeti kila asubuhi, changu na chako. Mara ya kwanza nilitaka kumwambia apunguze, nikamtazama usoni, nikavipokea. Navila vyote viwili. Ukisikia nimenenepa, ujue umenisababishia wewe.

Nina jambo la kazi la kukueleza, ndiyo sababu hasa nimekaa kuandika. Lakini siwezi kulifikia bila kupita kwenye siku ile. Nivumilie.

Ulikuwa umekwenda kwenu Kanga kupumzika, mifupa ikikuuma kama ilivyo desturi ya selimundu yako, na mimi nilishazoea kwamba ukienda unarudi. Asubuhi hiyo nilikuwa nachapa mitihani ya shule. Nilikuwa na hasira na wino, hasira na umeme, hasira na wewe pia kwa kuniachia kazi yote. Akaingia mwalimu mwenye mitihani yake. Badala ya kuuliza kama iko tayari, akavua kofia akaniambia, "Pole sana kwa msiba, mwanangu. Nimeshangaa kukuona uko hapa."

Nikamuuliza msiba gani.

Sikumbuki nilifungaje duka. Nakumbuka bodaboda, vumbi la barabara ya kaskazini, na kijana wa pikipiki aliyeacha kuniuliza maswali baada ya kupita Kirongwe. Nilipofika kwenu, adhuhuri ilikwishasaliwa na wanaume walikuwa wanarudi kutoka kukuzika, miguu ina udongo. Wanawake walikuwa wamekuosha, wamekuvisha, wamekutazama uso mmoja mmoja kabla jeneza halijatoka. Wote isipokuwa mimi. Mama yako aliponiona nimesimama mlangoni alilia upya. Akasema, "Salma, wewe tulijua umeshaambiwa kabla ya wote."

Nimelifikiria sana neno hilo na simlaumu mtu. Kaka yako alidhani shangazi yako kanipigia. Shangazi yako alidhani kaka yako kanipigia. Jirani alisema haiwezekani Salma asijue, wale ni chanda na pete. Kwa sababu nilikuwa wa karibu kuliko wote, nikakosa wa kuniambia. Na hilo, Biasha, ndilo jambo ambalo wewe ulikuwa umekaa miezi unaliundia dawa kwenye kompyuta yetu.

Unakumbuka bibi yako alipofariki. Ulikuwa hapa hapa Kilindoni, habari ikapita mdomo hadi mdomo, ikakufikia jioni watu wakiwa wameshakunja majamvi. Ulirudi kutoka msibani ukiwa umenuna, hukulia, ukafungua kompyuta ukasema hakuna mtu wa kisiwa hiki cha Mafia atakayechelewa tena kumzika mtu wake kwa sababu ya midomo ya watu. Ndiyo ikaanza programu ya Tangazo. Mtu anajiandikisha, anataja ndugu zake na kijiji chao. Ukitokea msiba, familia inatupigia simu moja tu, na sisi tunawatumia ujumbe wote kwa mpigo. Hapo hakuna wa kudhani mwenzake ameshasema. Niliona ni wazo la kutisha kidogo. Wewe uliona ni wazo la kawaida, na ukaandikisha nusu ya soko kwa wiki chache kwa maneno yako hayo ya kumchekesha hata anayezungumziwa kifo.

Tukagombana, si juu ya wazo, juu ya nafasi. Kompyuta moja, watu wawili. Wewe kwa macho yako mabovu ulitaka kila mstari wa programu uingie ndani kwa nafasi pana, mpaka maneno yanakimbilia ukingoni mwa kioo. Mimi nilitaka nafasi nyembamba, nione kazi yote kwa mara moja. Asubuhi ulipanua, jioni nilibana. Tulifikia kununiana. Mwisho ukasema tutafute wa kutuamua, ukapachika ndani ya edita, ile programu ya kuandikia, kile kiprogramu kidogo, ile plagini inayopanga mistari yenyewe kila unaposevu. Tukakubaliana kipimo cha katikati, na anayesevu kazi yake inanyooshwa, apende asipende.

Ukakibatiza Bi Kungwi. Ulisema anafanya kama kungwi wako alivyokufanya siku ya kutolewa ndani: hakuulizi umeamkaje, anakuvuta khanga, anakunyoosha mabega, anakusogeza kidevu, ndipo anakuruhusu utoke mbele ya watu. Nilicheka mpaka nikaangusha chai. Tangu siku hiyo hatukugombana tena kuhusu nafasi. Tulipata mengine.

Ukaizima na mistari myekundu, ile inayoonyesha palipokosewa, kwa madai kwamba inakukumbusha madaftari yako ya hesabu. Kwa hiyo ikabaki kanuni yetu moja tu: sevu, utazame. Mistari ikiruka kujipanga, kazi ni nzima. Isiporuka, kuna kidonda mahali, maana Bi Kungwi hamnyooshi mwali mgonjwa. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanafanya kazi namna hiyo. Sisi ilitutosha.

Baada ya msiba sikuigusa programu. Nilichapa barua za watu, nikadurufu vyeti, nikajaza maombi ya kazi ya watoto wa watu. Aliyenirudisha ni Zaituni. Bibi yake alikuwa amelala kitandani kwao Bweni, kule juu karibu na Ras Mkumbi, na yeye hawezi kuacha mihogo akakae kumngoja mtu afe. Ulimwandikisha kwa mkono wako. Kila alipoleta gazeti lake la mihogo aliuliza kwa upole kama lile jambo la Biasha limeanza. Nilimjibu karibuni. Siku moja hakuuliza. Aliweka mihogo akaniangalia tu, na hilo ndilo likanishinda.

Nikafungua kazi yako ya mwisho, ile sehemu ya jaribio. Tulikuwa tumepatana kwamba Tangazo haliwashwi mpaka jaribio lipite. Mistari yako ilikuwa imelala kipana kama ulivyopenda, umeipanua upya jioni ya mwisho na Bi Kungwi hajaigusa. Nilifurahi kuiona. Kisha nikasevu, nikitaraji iruke.

Haikuruka.

Nikasevu tena. Nikabonyeza kwa nguvu, kana kwamba nguvu inasaidia. Kimya. Nikazima edita nikawasha. Nikazima kompyuta nzima. Nikaingia kwenye setingi kutazama kama ile alama ya kupanga wakati wa kusevu bado ipo, na ipo. Sikutaka kuamini kwamba kazi yako ina kidonda, nikasema plagini imezeeka, inataka apdeti. Bando lilikuwa limebaki robo na mtandao unakokota miguu, lakini nikaiondoa nikaipakua upya, nimeshika tama natazama kile kimstari kinavyojaa. Ikaingia. Nikasevu. Bi Kungwi hata hakugeuka.

Nilimtukana, Biasha. Nilimwita kigagula. Mteja aliyekuwa anasubiri picha ndogo akaomba arudi kesho.

Siku iliyofuata nikajaribu kwa akili kidogo. Nikafungua kazi niliyoiandika mimi, nikaivuruga kwa makusudi, nikasevu. Ikajipanga tuli, kwa adabu zote. Basi Bi Kungwi hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakataa kazi yako peke yake. Na hapo nikapatwa na wazimu mdogo ambao nakuomba usiucheke: nikaona anafanya sawa. Nikaona na yeye amekataa mtu mwingine asiguse mkono wako. Nikafunga kompyuta nikaenda sokoni kununua samaki, nikalia mbele ya changu watatu wa watu.

Lakini Zaituni alikuwepo pale pale mbele ya duka, na bibi yake yuko Bweni. Nikarudi. Nikaikata kazi yako vipande. Nilinakili nusu ya juu nikaiweka mahali pengine, nikasevu, ikaruka. Kwa hiyo shida iko nusu ya chini. Nikaigawa hiyo nayo, sehemu kwa sehemu, kila inayoruka naiacha salama, isiyoruka naikata tena. Mpaka nikabakiwa na mistari michache ya mwisho, ile uliyoiandika kabla hujaondoka kwenda kwenu.

Ilikuwa orodha ya watakaopokea ujumbe wa majaribio. Namba yako. Namba yangu, na jina langu kando yake. Basi. Mabano uliyafungua, hukuyafunga. Hakuna kilichoharibika kwenye plagini, wala kwenye edita, wala kwenye kompyuta. Uliacha ncha wazi tu.

Nikaweka mikono mapajani. Ulishaniambia, Biasha. Uliniambia mara nyingi na mimi nikaona ni porojo za Kanga. Mama yako alikufundisha kusuka ukili wa mikeka, na jioni mkono ukichoka mlikuwa hamfungi ncha. Mnaacha miyaa, yale majani ya kusukia, imeachana, ili kesho mkono ujue uliishia wapi. Na wewe ukaileta desturi hiyo kwenye kompyuta. Kila jioni uliacha mstari mmoja haujafungwa. Ulisema, "Nikifunga leo, kesho nitaanzia wapi?" Kwa kuwa wewe ndiye uliyefungua duka kila asubuhi, mimi nilipofika kila kitu kilikuwa kimeshafungwa. Sikuwahi kukutana na ncha yako hata mara moja, mpaka asubuhi ambazo huji.

Alama moja tu ilitakiwa. Kidole kilikuwa juu yake, na sikuweza. Nilijua nikiifunga Bi Kungwi ataamka, atavuta mistari yako yote, atairudisha kwenye kipimo tulichopatana, na ule upana wako utapotea mbele ya macho yangu. Hiyo ilikuwa kazi pekee iliyobaki na mkono wako haswa. Nina hamu nawe, shoga. Natamani hata ugomvi wako. Ningekuachia nafasi pana mpaka maneno yatoke nje ya kioo yafike barabarani, ilimradi uwe unayaandika wewe.

Ijumaa moja nikaenda Kanga. Mama yako nilimkuta uani ana miyaa mapajani, akanilalamikia kwanza kwamba nimekonda, kitu ambacho kwa mihogo ninayokula si kweli hata kidogo, kisha akanilalamikia simu. Simu yako anayo yeye. Inamchosha kwa ujumbe wa bahati nasibu na ofa, kila ikilia anaruka, anadhani mtu anakutafuta. Nikamzimia zile ofa. Wakati nafanya hivyo niliona ukili unaoning'inia kwenye msumari nyuma yake, rangi yake nyekundu iliyokolea, nikajua ni wako. Nikamuuliza mbona unaonekana umerefuka.

"Nimeuendeleza," akasema, wala hakuinua macho. "Miyaa ikikaa wazi sana inakauka, ukiigusa inakatika. Wewe ulitaka niuache ukatike?"

Nilimjibu sikutaka. Tukala ubwabwa, tukakuombea, nikapita kukusalimu, nikarudi mjini.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nikaifunga ncha yako. Alama moja, nikasevu. Mistari ikaruka yote kwa pamoja, Biasha, kazi yako nzima ikasogea kushoto kwa kufumba na kufumbua, ikakaa wima. Ikawa nzuri. Ikawa kama yangu. Nililia kwa sauti na sikufunga mlango.

Likabaki jaribio lenyewe, na nadhani unajua nilichokuwa nakiogopa. Tangazo la kifo halijaribiwi bila marehemu. Siku ile tulipofika hapo tulitafuta jina la kuweka, na kila tuliyemwomba alitukimbia. Mimi mwenyewe nilikwambia usithubutu kuweka langu. Wewe ukacheka ukasema weka langu basi, mimi nimeshazoea kuuguzwa. Nikakwambia acha uchuro. Ukaandika hivyo hivyo, ukinitolea ulimi, na jina lako likabaki humo siku zote tulizokuwa tunacheka.

Sasa lilikuwa humo na lilikuwa kweli.

Sikulifuta. Nilifuta namba yako tu, maana simu iko Kanga, na sikutaka mama yako aletewe habari hiyo mara ya pili na mashine. Namba niliyoipiga kila siku kuliko zote. Kuiondoa kuliniuma kuliko kulisoma jina. Orodha ikabaki na mtu mmoja. Nikabonyeza.

Simu yangu ikalia mezani, karibu na mihogo yako. Nikasoma maneno uliyoyatunga mwenyewe: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Familia inatangaza kifo cha Biasha binti Makame, wa Kanga. Maziko ni leo baada ya sala ya alasiri. Ukipata ujumbe huu, njoo."

Nilisimama. Sijui nikwambieje mambo haya bila kuonekana nimerukwa na akili. Ilikuwa bado asubuhi, alasiri iko mbali, na mwili wangu ukajua kwamba nina muda. Nilishachukua baibui msumarini. Nilishatia mkono mmoja. Kwa saa ulizoandika wewe ningefika, ningekaa na wanawake wenzangu, ningekumiminia maji, ningekutazama uso. Nilifika mpaka mlangoni ndipo Zaituni akaniuliza ninakwenda wapi, nikavua baibui.

Nikarudi nikakaa. Kwenye kiti chako, nimekuja kutambua baadaye. Nimekikalia tangu siku hiyo.

Tangazo limewashwa, Biasha. Msiba wa kwanza ulikuwa wa yule bibi wa Bweni. Familia ilipiga simu alfajiri, nikatuma kwa simu yangu nikiwa bado na khanga ya kulalia, na nilipofika dukani karai la Zaituni lilikuwa limefunikwa na mwenyewe hayupo. Aliporudi baada ya siku kadhaa aliniwekea vipande viwili kama kawaida. Hakunishukuru, hakueleza safari. Alisema neno moja tu, "Nilimuwahi," akaenda kuwasha moto wake.

Hilo neno ni lako. Nimekuja kukupa.

Jina la majaribio nimelibadilisha. Sasa humo nimo mimi, Salma binti Shaha wa Baleni, nafariki mara moja kila nikirekebisha kitu, na mchana nakula mihogo. Uchuro wako nimeurithi pamoja na kiti. Ninachokuahidi ni hiki: mtu anayekuja kujiandikisha namuuliza kwanza ni nani aliye karibu naye kuliko wote, huyo ambaye kila mmoja atadhani ameshaambiwa, na jina lake ndilo ninaloanza nalo. Mama yako nitamwendea kila Ijumaa Mungu akinipa uzima. Na jioni, kabla sijafunga duka, naacha ncha moja wazi kama ulivyokuwa unafanya, ingawa Bi Kungwi hapendi.

Lala salama, shoga. Mungu akunyooshee kaburi, akupe nafasi pana uliyokuwa unaitaka. Ule ujumbe uko kwenye simu yangu na sitaufuta. Nimechelewa, Biasha, lakini sasa nimeambiwa.

Wako,
Salma